Mtu wa Chini Hasemi

Wahamisha vyombo wana kanuni zao, na kanuni ya kwanza ya kundi la Mama Lori ilikuwa hii: kwenye ngazi, mtu wa chini hasemi. Kabati likishuka kutoka ghorofa ya nne, wa juu hushika kamba na kutoa amri. "Kipandio. Kipandio. Kona. Tua." Wa chini hushuka kinyumenyume, uzito wote kifuani, haoni anakokwenda wala hafungui kinywa. Pumzi yake ni ya mzigo. Wa juu ndiye mwenye macho, na kazi yake kubwa ni kumtazama mwenzake usoni. Akiona uso umebadilika, anasema "Tua," na mzigo unawekwa chini mpaka watu wapumue.

Ilikuwa kanuni ya busara ilipoanza. Lakini wape wanaume kanuni ya busara, wataigeuza mashindano kabla jua halijawa kali. Kidogo kidogo ikawa kwamba wa chini hasemi kwa sababu mwanamume halalamiki, na wa juu naye akaanza kuona haya kusema "Tua," asije akaonekana anamdharau wa chini. Kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana, walikuwa wakiambiana, na kwa bahati yao hakuna aliyekuwa amekufa bado.

Wa chini alikuwa Nguzo. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho na kinywani mwa mama yake tu. Alikuwa na miaka arobaini na sita, shingo nene na maneno machache, na kwa miaka kumi na miwili hakuna aliyethubutu kumwomba nafasi yake. Domo, dereva wa lori, mtu aliyeweza kuongea huku anakunywa maji, alikuwa akiwaambia wateja kwamba Nguzo aliwahi kubeba kitanda na wenyewe wamelala juu yake. Nguzo hakuwahi kukanusha.

Wa juu alikuwa Mwalimu. Alifundisha hesabu mpaka shule yake ilipofungwa, na alipokuja kuomba kazi Domo alimzunguka mara mbili kama mnunuzi wa mbuzi, akauliza, "Huyu anabeba, au anabebwa?" Mikono yake ilikuwa myembamba kweli. Lakini alijua kufunga kamba kuliko wote, na fundo lake halikuwahi kulegea hata siku moja. Akapewa nafasi ya juu kwa ajili ya hilo.

Basi, mwaka huo Nguzo akaota uvimbe kinenani. Ulikuwa mdogo mwanzoni, akilala unarudi ndani, akikohoa unatoka. Alipoona hauondoki, alifanya kile ambacho wanaume wengi hufanya, yaani aliuficha. Alichana shuka kuukuu, akapata utepe mrefu, akawa anajifunga kila asubuhi chooni kabla ya kwenda kazini. Angefanikiwa kama asingekuwa ameoa fundi cherehani. Mkewe aliukuta utepe kwenye kamba ya kuanikia, akaupima kwa kiganja, akaukumbuka mpaka ua lake.

"Shuka langu limefanya nini mpaka ulikate?" aliuliza.

"Lilikuwa limechakaa."

"Lilichakaa likapata na kiuno? Hebu vua nione."

Kesho yake walikuwa kliniki. Daktari alikuwa msichana wa umri wa binti yake, akamwambia asimame, akohoe. "Ngiri," akasema, kama mtu anayetaja mvua. Ilihitaji upasuaji, na mpaka siku hiyo asinyanyue kitu kizito kuliko ndoo ya maji iliyojaa nusu. Akaeleza kwamba utumbo ukinaswa pale, mtu huenda asipate hata nafasi ya kuaga. Akaandika hayo yote kwenye karatasi kwa ajili ya mwajiri. Nguzo akaikunja mara nne, akaichomeka ndani ya kofia yake ya kazi.

"Umewaambia?" mkewe aliuliza baada ya wiki.

"Nitawaambia."

"Lini?"

"Mambo yakitulia kidogo."

"Mficha maradhi kifo humuumbua," mkewe akasema, akarudi kwenye cherehani. Hakuwa na desturi ya kurudia neno, na alikuwa na zipu tisa za kushona.

Nguzo hakuogopa kisu. Aliogopa asubuhi ya baada ya kisu: kusimama kando ya lori mikono mitupu, akimtazama mtu mwingine akiingia chini ya kabati. Hakuwa na shule wala ufundi, na uimbaji wake hata watoto wake walimwomba aache. Alikuwa na nafasi ile ya chini tu. Kwa hiyo akaendelea kujifunga, na akawa anakaza zaidi.

Jumanne moja walikwenda kuhamisha familia iliyokaa ghorofa ya tatu. Friji lilikuwa la milango miwili, na mwenye nyumba alilisifia kana kwamba amelizaa. Mwalimu akalifunga kamba, akajivuta juu. Nguzo akaingia chini. Vipandio vitano vya kwanza vilikwenda vizuri. Kwenye cha sita kitu kikamchoma chini ya utepe, akauma meno. Kwenye cha nane macho yakaanza kumwona Mwalimu wawili. Kilichobaki kilikuwa neno moja, silabi mbili, na hakulisema. Kwenye cha kumi mikono yake ikafunguka yenyewe, bila ruhusa yake, akajibana ukutani, na friji likapita mbele ya tumbo lake kama mgeni aliyechelewa basi.

Mwalimu hakuachia kamba. Mwenye akili angeachia, naye alikuwa na akili, lakini hakuachia. Friji likamvuta vipandio vinne, likaupondea mkono wake wa kulia kwenye chuma cha kushikia, kisha likatua kwenye korido ya ghorofa ya pili na kufungua milango yake yote miwili.

Domo akaja mbio kutoka nje. "Kuna nini? Nani kafa?"

"Kamba imeteleza," akasema Nguzo.

Neno lilitoka jepesi, halikumchoma popote. Domo akalitazama friji, akamtazama Mwalimu aliyeketi kwenye ngazi mkono kwapani, akasema jambo baya kuhusu walimu wote, akashuka tena kumpigia simu Mama Lori. Wakabaki wawili. Kamba ilikuwa bado imelizunguka friji, na fundo lilikuwa limekaza vilevile lilivyofungwa. Wote wawili waliliona. Mwalimu akamtazama Nguzo kwa muda. Kisha akajikokota hadi pale, akainama, akalifungua fundo kwa mkono wa kushoto, polepole, mpaka kamba ikaanguka sakafuni.

Vidole viwili vilikuwa vimevunjika. Mama Lori alimlipia hospitali, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, kisha akatangaza kwamba Jumamosi asubuhi watakutana stoo wote. Mtu asiyejua kufunga kamba, alisema, hana kazi kwake, hata kama anajua kugawanya sehemu.

Jioni hiyo mkewe alimwuliza Nguzo friji lilianguka vipi.

"Kamba iliteleza."

Cherehani ikasimama. "Kamba ipi? Hii uliyojifunga kiunoni?"

Alikula, akaoga, akalala akiutazama ukuta. Ijumaa baada ya kazi hakurudi nyumbani moja kwa moja; alipita kwa Mwalimu.

Mwalimu alikuwa peke yake, mkewe bado yuko sokoni. Alikuwa akiosha kikombe kwa mkono mmoja, amekibana kwa kiwiko kwenye ukingo wa beseni. Nguzo alitaka kumsaidia, akaona vibaya, akaketi.

"Kwa nini ulifungua fundo?" akauliza.

"Ulisema kamba imeteleza. Domo angerudi akaikuta imekaza, ungekuwa mwongo."

"Mimi ni mwongo."

"Ndiyo," Mwalimu akakubali, akakiweka kikombe juu ya kitambaa. "Lakini na mimi nina langu. Niliuona uso wako kwenye kipandio cha sita. Ulikuwa wa kijivu. Kazi yangu ni moja tu pale juu, kaka, kutazama na kusema. Nikataka kusema 'Tua,' nikajiambia, huyu ni Nguzo, mimi nani nimwambie apumzike? Mlangoni wamesimama watu, na Domo yuko chini. Nikasema ngoja kona. Kabla ya kona ukaachia." Akajifuta mkono kwenye suruali. "Kwa hiyo kesho wakiniuliza kama kosa ni langu, sitakuwa nimedanganya sana."

Nguzo alimtazama. Mtu huyu alikuwa na watoto watatu na mkono mmoja wa kufanyia kazi, na kesho angekuwa hana kazi ya kuufanyia.

"Unaumwa nini?" Mwalimu akauliza.

"Mgongo," akasema Nguzo, akaaga. Alipofika barabarani alijiona mpumbavu, kwa maana alikuwa amekwenda pale makusudi kusema ngiri.

Jumamosi stoo ilinuka mbao na karatasi za maboksi. Mama Lori aliketi juu ya kreti lililopinduliwa, miwani kwenye pua. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, na lori lile alilinunua alipokuwa anauza mitumba, siku ambazo wanaume walimwambia gari kubwa halitamsikia mwanamke. Lilimsikia. Wapagazi wawili wengine walisimama mlangoni, Domo akasimama kila mahali.

"Kamba nani alifunga?" Mama Lori akauliza.

"Mimi, mama," akasema Mwalimu.

"Ikateleza."

"Ilionekana imefunguka."

"Basi huna la kusema?"

"Sina, mama."

Mama Lori akashusha pumzi. Hakufurahia. "Acha koti la kazi hapo. Ukipona, njoo nikuandikie barua ya kuombea kazi kwingine. Mtu mwema ni mtu mwema, lakini friji la watu halijui hilo."

Koti lilikuwa la vifungo vikubwa vya plastiki. Mwalimu akashika cha kwanza kwa mkono wa kushoto, kikamshinda. Akajaribu tena. Domo akacheka kidogo, akaona hakuna mwenzake, akaacha. Nguzo akatoka ukutani, akasimama mbele ya Mwalimu, akaanza kumfungua vifungo kama anavyofunguliwa mtoto anayetoka shule. Alifungua cha kwanza, akafungua cha pili. Kwenye cha tatu vidole vyake vikagoma, na safari hii alijua ni kwa nini.

"Kamba haikuteleza," akasema, bado ameshika kifungo. "Niliachia mimi."

Domo akapiga makofi.

"Mnaona? Mnaona mwanaume? Anajitwisha kosa la rafiki yake! Nguzo, Mungu akulinde."

"Domo, niliachia."

"Uachie wewe! Wewe uliyebeba kitanda na watu wake?"

Wapagazi wa mlangoni wakatikisa vichwa kwa heshima. Hata Mama Lori akatabasamu. "Uungwana wako tunaujua, mwanangu. Rudi ukutani. Usiharibu jina lako kwa ajili ya fundo la mtu."

Nguzo alikuwa amejiandaa kwa mengi: matusi, kicheko, kufukuzwa. Hakuwa amejiandaa kusifiwa. Uongo wake Jumanne ulikuwa umeaminiwa mara moja, bila shahidi, na ukweli wake leo umegeuzwa kuwa nishani nyingine ya kumvisha. Angeweza kurudi ukutani. Angekuwa amesema, asiaminiwe, na dhamiri yake ingekuwa na stakabadhi. Alilifikiria hilo, tusimsingizie wema. Akamtazama Mwalimu, koti wazi nusu, na kifungo cha tatu bado kiko mkononi mwake.

Akavua kofia, akatoa karatasi ya daktari. Miezi miwili ya jasho ilikuwa imepita juu yake. Ilifunguka vipande vinne, na kwenye kila kipande palikuwa na wingu la bluu.

"Hii inasema nini?" Mama Lori akauliza, akiisogeza karibu na miwani.

"Inasema nisibebe."

"Mimi naona rangi tu."

Nguzo akarudisha kofia kichwani. Aliona aibu kubwa kuliko aliyowahi kuiona, hata utotoni. Akapandisha shati. Wote wakauona utepe wa shuka, na ua moja la pinki likiwa limekaa pembeni ya kitovu.

"Mama, geuka kidogo," akasema.

"Nimezaa wanaume watano," akasema Mama Lori. "Endelea."

Akaufungua utepe. Uliteremka mzunguko baada ya mzunguko, mrefu kuliko mtu angedhani, ukajilundika miguuni. Akashusha suruali upande mmoja, kiasi tu. Kisha akakohoa. Uvimbe ukatoka pale pale mbele yao, mkubwa kama ndimu iliyoiva, ukakaa.

"Nina ngiri," akasema Nguzo. "Kwenye kipandio cha sita ilinibana. Ningesema, tungetua, friji lingekuwa jikoni kwa watu sasa hivi, na vidole vya huyu vingekuwa vizima. Sikusema. Nikaachia. Kisha nikasema kamba."

Hakuna aliyepiga makofi. Mpagazi mmoja akatazama dari. Domo alifungua kinywa, akatafuta humo ndani, akakifunga.

Mama Lori alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya nguo, akaivaa tena. "Funga suruali," akasema. Na Nguzo alipokwisha kufunga: "Miaka yote nawalisha wanaume, kumbe nafuga mabubu. Mwalimu, vaa koti lako. Wewe, mpaka ukatwe hiyo kitu, utafunga glasi. Ukishapona tutaona. Nafasi ya chini sikuwekei ahadi."

Mambo yakawa hivyo. Zamu ya upasuaji ilichukua wiki tisa, na kwa wiki hizo mtu aliyebebwa midomoni mwa mtaa mzima alikaa sakafuni kwenye nyumba za watu, akizungushia vikombe magazeti ya zamani. Wateja walimwuliza kama ni mgonjwa, akasema ndiyo. Mtoto mmoja wa kike alimfundisha kufunga sahani ili zisigongane, akafanya maendeleo. Nafasi ya chini alipewa Domo, kwa kuwa mabega yalikuwapo na visingizio vilikwisha. Siku ya tatu mmoja wa wale wapagazi wa mlangoni alimvuta Nguzo nyuma ya lori, akatazama kulia na kushoto, akauliza kwa sauti ya chini, "Hivi, hiyo kitu inaanzaje?" Nguzo akamweleza, akampa na jina la daktari.

Alipotoka hospitali, Mama Lori alimtuma Domo na lori ampeleke nyumbani, na Mwalimu akapanda nyuma. Vidole vyake vilikuwa vimepona, kimoja kikiwa kimejipinda kidogo upande. Nguzo alikaa ghorofa ya nne. Mkewe aliwasubiri chini ya ngazi na kiti cha jikoni.

"Nitapanda mwenyewe," akasema Nguzo.

"Utapandishwa," akasema mkewe. "Nimeshona mashuka mengi, sitaki kushona mume."

Wakamketisha. Mwalimu akamfunga kamba kifuani na mgongoni mwa kiti, akavuta fundo mara mbili, akashika juu. Domo akaingia chini, akashika miguu ya kiti. Kwa namna walivyombeba, Nguzo alipandishwa kinyumenyume, uso wake ukitazamana na uso wa Domo. Miaka kumi na miwili alikuwa upande ule. Hakuwahi kuuona kutokea huku.

"Kipandio," akasema Mwalimu. "Kipandio. Kona."

Ghorofa ya kwanza Domo alikuwa amenyamaza. Ghorofa ya pili bado alikuwa amenyamaza, na hilo pekee lilitosha kumtisha mtu aliyemjua. Jasho lilimshuka kwenye nyusi akashindwa kulifuta. Mshipa ulisimama shingoni. Midomo ilikuwa imebanana mpaka ikawa myeupe pembeni, na macho yalimtazama Nguzo bila kumwona. Nguzo akaelewa Mwalimu alikuwa akitazama nini miaka ile yote.

Mwalimu akavuta pumzi kusema neno. Mzigo ukamtangulia.

"Tua," akasema Nguzo.

Kiti kikakaa juu ya kipandio. Domo akashika ukuta, akahema.

"Mimi sijasema kitu," akasema, kwa ukali kidogo.

"Najua," Nguzo akamjibu. "Kaa upumzike."